Kompyuta 8 za duka la chapa, bando halikai: niende Windows, Linux au Mac?

ChapaArua
Habari za jioni wakubwa. Nina duka la chapa, fotokopi na intaneti hapa Arua, kompyuta 8, zote Windows 10. Ni za mezani, Core i3 kizazi cha 4, RAM GB 4, diski za kuzunguka GB 500. Bando la GB 60 nililotegemea lifike mwisho wa mwezi limekata roho siku ya tano. Kuweka programu mpya ni kuzunguka na flashi moja moja, na kusasisha ndiyo usiseme, sijui hata ipi ina toleo gani. Naomba ukweli: kati ya Windows, Linux na Mac, wapi ni rahisi kuweka na kusasisha programu? Jibu la leo au kesho, tafadhali, nina haraka.

Fundi_Katwe
Ndugu, tofauti iko kwenye ghala. Kwa Linux kama Ubuntu au Mint karibu kila kitu kinatoka ghala moja la mtandaoni. `sudo apt update` inasoma orodha mpya, `sudo apt upgrade` inavuta vilivyobadilika: mfumo wenyewe, LibreOffice, kisoma PDF, vyote kwa mkupuo. Watu huchanganya hizo amri mbili, wanaandika ya kwanza wanadhani wamemaliza, kumbe wamesoma orodha tu.

Windows, kila programu ina mlango wake. Unapakua setup, unabonyeza Next mpaka vidole viume, na humo ndani kuna kisasishi chake kinachoamka kila kompyuta ikiwashwa. Programu kumi, visasishi kumi, vyote vinagombea bando lile lile. Ila siku hizi kuna winget. Fungua PowerShell, andika `winget upgrade`, utaletewa orodha ya programu zilizopitwa. `winget upgrade --all` inazisasisha zote. Ubaya wake inapakua kisakinishi kizima kila mara, na haijui kwamba kompyuta ya pembeni imetoka kupakua kile kile.

Kwa sasisho za mfumo, ingia Settings, Update & Security, Delivery Optimization, uruhusu kugawana na kompyuta za mtandao wa ndani tu. Hapo moja ikishapakua, nyingine zinachukua vipande kwake. Anza na hilo kabla ya kuhama nyumba.

Tufaha_Ntinda
Nunua Mac upumzike. Faili ya dmg, unaburuta kwenye Applications, basi. Hata kugawana sasisho kumo: System Settings, General, Sharing, Content Caching, Mac moja inawahifadhia wenzake.

Mama_Fotokopi
Tufaha, mtu analilia bando la GB 60 wewe unamwambia Mac 8? Na kisakinishi kizima cha macOS kinapita GB 12. Tena programu za nje ya App Store kila moja inajisasisha kivyake, tofauti na Windows iko wapi hapo?

Kaka ChapaArua, hukusema unachapa nini. Kadi za kwanjula (sherehe ya utambulisho wa ndoa) na vipeperushi vya kanisa vingi viko kwenye Publisher ya Microsoft. Publisher haiko Linux wala Mac, na Microsoft wenyewe wametangaza wataacha kuihudumia Oktoba 2026. LibreOffice Draw hufungua faili za .pub, lakini maandishi yanahama, picha zinakaa juu ya majina ya bibi harusi. Kazi zote za zamani zigeuze PDF sasa hivi, Publisher ingali inafunguka. Kazi mpya zianzie Scribus au Inkscape, hizo zipo mifumo yote mitatu.

ChapaArua
Asante mama, Publisher ndiyo mkate wetu. Ila swali langu ni kusasisha. Nimejaribu hiyo Delivery Optimization. Nikibonyeza Check for updates inaleta kosa 0x80070422.

Bit_Mbarara
0x80070422 maana yake huduma ya Windows Update imezimwa kabisa, haiwezi kuwashwa. Huduma hiyo haijizimi. Bonyeza Windows+R, andika `services.msc`, tafuta Windows Update, utaona Startup type ni Disabled. Nani aliizima?

Kisha fungua CMD uandike `slmgr /xpr`, amri ya kukagua leseni ya Windows, utuletee inachosema.

ChapaArua
Aliyeniuzia ndiye aliyeziseti. Mambo ya leseni tuyaweke kando, nauliza urahisi wa mifumo.

Bit_Mbarara
Hayawekeki kando. Leta jibu la `slmgr /xpr`.

ChapaArua
Haya. "Volume activation will expire" halafu tarehe ya mwezi wa tatu. Mmefurahi?

Afande_Mstaafu
Kijana, mali ya mtu ni mali ya mtu, hata kama haishikiki kwa mkono. Ukiibiwa karatasi dukani unaita polisi. Programu ukiiiba unaita fundi.

Kisenyi_Boy
Afande na hiyo simu yako yenye nyimbo 4,000, risiti zake ziko wapi? 😂

Fundi_Katwe
Tuache mahubiri. Uamilishaji wa namna hiyo, KMS, ni wa makampuni yenye seva yao, na unadumu siku 180 kisha unahuishwa. Dukani kwako hakuna seva hiyo, kwa hiyo ni kraki, programu ya kughushi leseni, inayojihuisha kimyakimya. Kraki nyingi huzima Windows Update zisigunduliwe, na huiambia Defender, kinga ya virusi ya Windows, isizitazame. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka Exclusions. Ukikuta folda ambayo hukuiweka wewe, hapo ndipo mdudu analala. Halafu fikiria: wateja wanachomeka flashi zao hapo, wanajaza fomu za kitambulisho, wanaingia tovuti ya URA, mamlaka ya kodi, kwa nywila zao.

Na hata ungewasha sasisho leo, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa kawaida, mpaka 13 Oktoba 2026. Windows 11 hiyo i3 ya kizazi cha 4 haimo, Microsoft wanataka kizazi cha 8 kuendelea pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kulazimisha kunawezekana, ila matoleo makubwa ya kila mwaka hayatakuja yenyewe, utalazimisha tena kila mara.

Kabla ya kufuta chochote, PowerShell:
`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`
Ikitoka namba, kompyuta ilitoka kiwandani na leseni ya Windows ndani ya BIOS. Iandike daftarini pamoja na ni ya toleo gani. Ikiwa ni ya Windows 8 usijipe matumaini makubwa, njia ya kutumia namba za 7 na 8 kuweka 10 au 11 ilifungwa Septemba 2023.

Bit_Mbarara
Ngojeni kidogo. Mimi nasema uzi huu umetungwa. Huduma ya Windows Update imezimwa kwenye kompyuta zote nane, mwenyewe kakubali. Sasa GB 60 zimeliwa na nani kwa siku tano? Sasisho haziji, basi hazili. Hadithi haina miguu.

Kisenyi_Boy
Nilijua! Huyu anakusanya majibu aandike makala. Hata "nina haraka" ni ya kwenye tamthilia.

Mama_Fotokopi
Wateja wakitazama video siku nzima GB 60 zinakwisha, hakuna muujiza hapo. Lakini na mimi nashangaa, hajasema bando huliwa zaidi saa ngapi.

ChapaArua
Mimi si mwongo ssebo. Niko dukani hivi sasa naangalia kioo. Hii ndiyo inayonihangaisha tangu asubuhi:

`E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.`

Fundi_Katwe
dpkg, kisakinishi cha Linux? Kwenye Windows 10?

Bit_Mbarara
"Kompyuta 8, zote Windows 10." Maneno yako.

ChapaArua
Zilikuwa nane. Nne zina Ubuntu 24.04 tangu Jumamosi. Kijana wangu wa kazi aliziweka, nami nilimruhusu. Sikusema kwa sababu nilitaka kusikia ushauri usioegemea upande. Nne zilizobaki tunaweka kesho asubuhi, ndiyo haraka yenyewe. Na siwezi kurudi nyuma, nimeshawaambia wateja tunaingia mfumo mpya usio na virusi.

Bit_Mbarara
Banange. Faili la ISO, lile la kusakinishia Ubuntu, mlipakua mara ngapi?

ChapaArua
Kila kompyuta alipakua yake. Mbili umeme ulikatika katikati akaanza upya.

Bit_Mbarara
Naondoa neno langu, hesabu imekaa. ISO ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6. Mara nne ni 24. Mbili zilizokatikia njiani, weka 6 nyingine. Baada ya kusakinisha kila moja ikavuta sasisho zake na vipande vya snap (vifurushi vya Ubuntu vinavyojisasisha vyenyewe), zote nne kwa wakati mmoja kutoka mlango mmoja. Na wateja juu yake.

ISO moja, flashi moja ya GB 8, inatosha kompyuta zote duniani. Na umeme ukikatika hakuna haja ya kuanza upya: `wget -c` ikifuatiwa na kiungo, inaendelea pale ilipoachia. Ukimaliza `sha256sum` ya faili uilinganishe na ile ya tovuti, faili mbovu ndizo huleta makosa ya ajabu katikati ya usakinishaji.

ChapaArua
Sawa, makosa ya ISO nayakubali. Lakini Ubuntu si ndiyo rahisi kusasisha? Fundi Katwe mwenyewe kasema amri mbili tu.

Fundi_Katwe
Rahisi, ukishaipa ghala. Fanya hivi. Chagua kompyuta moja, iwe ya kaunta, rauta uiambie iipe anwani ile ile kila siku, tuseme 192.168.1.10. Hapo: `sudo apt install apt-cacher-ng`. Kwenye zile nyingine:

`echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/00proxy`

Kuanzia hapo kifurushi kinashuka kutoka intaneti mara moja, nyingine zinakichota kaunta. Ukitaka kuhakikisha, fungua `http://192.168.1.10:3142/acng-report.html` kwenye kivinjari. Kompyuta ya kaunta ikizimwa, apt za wengine zitalalamika haziwezi kuunganishwa, usije ukadhani mfumo umeharibika.

Snap haipiti humo. Firefox ya Ubuntu ni snap, na snap hujikagua mara nne kwa siku bila kukuuliza. Zifunge: `sudo snap refresh --hold`. Siku ukiwa na bando, kaunta andika `snap download firefox`, utapata faili mbili, ya .assert na ya .snap. Zibebe kwa flashi, kila kompyuta `sudo snap ack` kwa ile ya kwanza, kisha `sudo snap install` kwa ya pili.

Mama_Fotokopi
Kwa nini ateseke na snap kwenye RAM GB 4 na diski ya kuzunguka? Hizo nne za kesho weka Mint Xfce. ISO yake karibu GB 3, Firefox yake ni ya apt kwa hiyo inapita kwenye hilo ghala la Fundi, na Timeshift imo, sasisho likiharibu unarudi jana. Na usiweke nne, weka tatu. Moja ibaki Windows ya leseni halali, Publisher ndani yake, wateja wasiiguse.

ChapaArua
Mama, nikichanganya Ubuntu na Mint si nitachanganyikiwa? Na Windows ya leseni ni pesa.

Mama_Fotokopi
Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, vifurushi vingi ni vile vile, ghala moja linawatosha. Pesa ya leseni moja linganisha na GB 60 za kila wiki.

Kisenyi_Boy
Bando limekwisha, atapakua kwa bando gani? Mtu wa Kampala ampakulie ISO ofisini, flashi ipande basi la usiku Arua Park, asubuhi iko kwake. Hakuna mtandao wenye kasi ya basi lile.

Fundi_Katwe
Umesema kweli kwa bahati mbaya. Hata .deb, vifurushi vya apt, zinasafiri hivyo: unazinakili kutoka `/var/cache/apt/archives/`. Ila atumie `apt-get upgrade`, maana `apt upgrade` hufuta faili zikishasakinishwa.

ChapaArua
Printa ya HP LaserJet P1102, Ubuntu inaiona lakini karatasi haitoki.

Bit_Mbarara
Hiyo hudai kipande cha ziada cha HP. Andika `hp-plugin`, kitashuka. Toleo lake lazima lilingane na la hplip, programu inayoendesha printa za HP. Lakini tengeneza dpkg kwanza: `sudo dpkg --configure -a`, ukiulizwa kuhusu faili la mipangilio, Y au N, bonyeza Enter tu, inabaki la zamani.

ChapaArua
Imeuliza, nimebonyeza Enter, imemaliza. Mungu awabariki. Kompyuta ya pili inasema:
`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2143 (unattended-upgr)`
Nifute hiyo lock?

Bit_Mbarara
Usifute! Inajisasisha yenyewe hapo nyuma. Umebakiwa na bando kiasi gani?

ChapaArua
Nimenunua la kuazima, MB 700. Sasa zinaonyesha 410. 380.

Bit_Mbarara
Chomoa waya wa mtandao. Wa umeme usiuguse.