Tupeane uzoefu: kazi yako na mahali ulipo vinalisaidiaje kanisa lako?

Bwana asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia.

Mimi kuimba siwezi. Nilijaribu kwaya ya vijana, mwalimu akanishauri kwa upole niwe nabeba spika. Nikakaa viti vya nyuma miaka nikiamini utumishi ni wa wenye sauti na wenye ulimi.

Ni fundi umeme. Jumapili moja katikati ya sifa nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Kufuatilia, kinanda, amplifaya, feni mbili na birika la chai la ofisini vyote vinakula ekstensheni moja iliyopita chini ya zulia la madhabahuni. Soketi yenyewe nyeusi kama sufuria ya msibani! Jumamosi nikaja na kijana wangu, tukavuta laini mpya: muziki njia yake, feni njia yake, kila moja na breka yake. Siku hizi napita na testa kila baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyeniita mbele nipongezwe, na sikujali (haya, nilijali kidogo).

Paulo pale Korintho alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Someni Matendo 18. Ufundi ndio uliomfungulia mlango.

Leteni zenu.

Mama lishe wa stendi
Banda langu linatazamana na geti la mabasi ya usiku. Alfajiri wanashuka wanafunzi wa chuo hawamjui mtu. Anakunywa chai, anauliza, "Mama, kanisa la KKKT liko wapi?" Namwelekeza. Akiwa Mkatoliki namwelekeza parokiani, sina ubaguzi. Mmoja leo anafundisha watoto wetu shule ya Jumapili. Kuhubiri sijui, najua chapati.

Mhasibu
Nilipoingia kamati ya fedha nikakuta sadaka inahesabiwa na mzee mmoja, peke yake, mlango umefungwa. Simtuhumu. Nikaomba wahesabu watatu, wote wasaini daftari, Jumatatu asubuhi hela iwe benki. Hata mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada tukaanza kuuandikia. Mzee alininunia tangu Kwaresima mpaka Krismasi. Siku daftari lilipomtetea mbele ya washarika wenye maneno, akanisalimia.

Dereva, Muscat (Oman)
Huku mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo wengi tunasali Ijumaa. Ibada ni kwenye maeneo yaliyotengwa tu, kama Ruwi, palipo na makanisa kwenye ardhi aliyoitoa Sultani Qaboos. Ukikaa Seeb bila usafiri, teksi inamaliza posho. Bosi ameniruhusu gari siku hiyo, mafuta juu yangu. Nabeba wanne, Wakenya wawili na Watanzania wawili. Nyimbo tunaanzia barabarani.

Mlinzi wa zamu
Jumapili mbili kati ya tatu niko getini kwa watu. Kanisani niliitwa mvivu wa ibada, iliniuma. Kilichoniokoa ni jumuiya ndogo ndogo, maana inafuata mtaa unaokaa, na yetu inakutana Jumamosi asubuhi. Nikitoka zamu nafika wa kwanza, napanga viti. Mgonjwa wa mtaani namjua kabla ya katekista, kwa kuwa usiku ndio naona taa ya nani haizimwi.

Fundi wa kuchomelea
Mnasifia tu. Niulizeni mimi "bei ya kikanisa". Nilitengeneza geti, nondo zangu, rangi yangu, umeme wangu. Mpaka leo naambiwa "Mungu atakulipa". Mungu hajaniuzia vyuma.

Fundi umeme (mleta mada)
Kaka, uko sahihi kabisa na hilo halisemwi. Mimi nilitoa siku zangu mbili, lakini waya na breka niliandika karatasi, mweka hazina akanunua mwenyewe dukani. Wewe mliandikiana?

Fundi wa kuchomelea
Hapana. Tulisali tu.

Mhasibu
Una picha za geti na risiti za vyuma? Andika barua kwa kamati, nitakusaidia kuipanga. Njoo PM.