Naomba ushauri: vitunguu vya kwenda Komoro

Habari zenu wakuu. Nanunua vitunguu Mang'ola na kuuza Dar. Mwaka jana nilijaribu kupeleka magunia 60 Moroni, mji mkuu wa Komoro. Cheti cha afya ya mimea nilikuwa nacho, lakini chombo kilikaa bandarini siku tisa kikisubiri kujaza mzigo. Mteja alinitumia picha: magunia yamelowa chini, vitunguu vimechipua vidole viwili. Nusu ikatupwa. Iliniuma sana, maana mtaji ni wa familia.

Bado naamini soko lipo. Wakomoro wanaagiza sehemu kubwa ya chakula chao nje, na sisi ni majirani, wote tuko SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika.

Wenye uzoefu, nisaidieni. Je, cheti cha uasili cha SADC (kinachoonyesha mzigo umetoka nchi mwanachama) kinapunguza ushuru kweli pale forodhani? Bandari ya Mutsamudu, kisiwa cha Anjouan hukohuko Komoro, ina kina kirefu kuliko Moroni, kuna aliyeshushia huko? Na malipo mnayapokeaje? Mteja ana faranga za Komoro, ambazo thamani yake imefungwa kwenye yuro, ila Dar sijapata pa kuzibadilisha. Anataka alipe mzigo ukishafika. Mimi nataka nusu kabla haujapakiwa. Mnakubaliana vipi?