MREJESHO: Zile sarafu nne za kuhama mkono, sasa zinahama kweli

Wakuu, naleta mrejesho. Niliomba ushauri kuhusu mazingaombwe ya sarafu nne zinazohama moja moja kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Shida ilikuwa ile ya tano, ya siri: nikiificha kiganjani vidole vinakakamaa, watu wanashtukia.

Ushauri wa kuibana kwa nyama ya chini ya kidole gumba umenisaidia mno. Sasa naibana sarafu ya shilingi 500 huku mkono huohuo umeshika kikombe cha chai, vidole vimelegea kabisa. Wanamazingaombwe wa Marekani hupenda nusu dola, yenye upana wa milimita 30.6, hii yetu ni ndogo kidogo lakini inakaa vizuri.

Kisha mlio. Sarafu ikigonga mwenzake kabla ya wakati, mchezo umeisha. Aliyesema ile ya siri niiteremshe kwanza kwenye ncha za vidole, halafu nizimwage zote mezani kwa mkupuo, Mungu akubariki! Kishindo cha kumwaga kinafunika kila kitu.

Jumapili nikaonyesha nyumbani baada ya chakula. Shangazi akakamata mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akachungulia hadi ndani ya mikono ya shati. Ile ya tano nilishaidondosha mapajani. "Hebu rudia, mwanangu." Sikurudia, kama mlivyonionya.

Sasa nataka kumalizia nikiwa nimesimama, bila meza. Ile ya tano naipeleka wapi? Mwenye uzoefu anielekeze.