Kustaafu chini ya mlima: Arusha, Moshi mjini, au juu migombani?

Mstaafu Mtarajiwa (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwakani ninatimiza miaka 60 na kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Mimi na mke wangu tumekubaliana kwamba joto la Pwani limetutosha, na tungependa kuhamia Kaskazini, ingawa mimi ni mtu wa Tabora, mwenzangu ni wa Lindi, na hatuna ukoo wala kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, huko. Tunasitasita kati ya Arusha, Moshi mjini, na kiwanja ambacho dalali ametuonyesha Marangu, chenye mto kwa chini na Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mbele pindi mawingu yanapofunguka.

Mimi nina shinikizo la damu na mke wangu anasumbuliwa na magoti. Mafao ya mkupuo yatatosha nyumba moja ya kawaida, lakini hayatatosha kujenga mara mbili. Naomba wanaoishi huko watueleze yale ambayo mgeni wa siku tatu hayaoni.

Mama wa Njiro

Salaam kaka, na umsalimie wifi. Nitasema ya Arusha kwa sababu ndiyo ninayoijua. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, takriban mita 500 zaidi ya Moshi, na mwili huihisi tofauti hiyo: kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanaweza kuufunika Mlima Meru kutwa nzima, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 15, na mtu aliyezoea Dar hutafuta sweta hata akiwa mezani. Wenye magoti mabovu ndio wanaoilalamikia miezi hiyo kuliko wote, kwa hiyo wifi asije akaupima mji huu kwa hali ya hewa ya Desemba.

Hospitali zipo, ile ya mkoa ya Mount Meru na ile ya Kilutheri mjini, na barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru imefanya makazi ya upande wa mashariki yasiwe mbali kama zamani. Tatizo ni kwamba huu ni mji wa utalii, wa mikutano na wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo bei za viwanja na kodi za nyumba hupangwa kwa kuangalia mifuko ya watu wasioishi kwa pensheni, na uwanja wa AFCON ya 2027 umewapa madalali sababu nyingine ya kupandisha.

Jambo ambalo halisemwi kiwanjani ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floraidi katika chemchemi na visima vingi, hasa upande wa Maji ya Chai na Ngurdoto. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vinavyokizidi mara kadhaa. Ndiyo sababu utaona watu waliokulia huko wana meno ya kahawia, na wapo wazee ambao mifupa yao imekakamaa kwa kuyanywa maji hayo miaka mingi. Kuchemsha hakusaidii, kwani mvuke huondoka na floraidi hubaki. Ukipenda mahali penye kisima, peleka chupa ya maji maabara kabla hujapeleka fedha kwa muuzaji, na ukijenga, weka mifereji ya paa na tangi kubwa, maana maji ya mvua hayana shida hiyo.

Mkazi wa Longuo

Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, nami nitaitetea Moshi, ingawa wenzetu wa Arusha hupenda kusema kuwa ni Dar iliyowekwa chini ya mlima. Ni kweli kwamba Januari na Februari joto hupita nyuzi 30, na anayejenga kusini kuelekea mashamba ya mpunga ya Mabogini atawakuta huko mbu aliowakimbia. Lakini mji wenyewe umeinama: kila unapopanda kaskazini, kupitia Shanty Town hadi Longuo na kuelekea Uru, hewa hupoa, na bado hujaingia kwenye makorongo.

Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni KCMC. Hospitali hiyo ya rufaa ya kanda, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko huko huko juu ya mji, na ina idara za macho, mifupa na mkojo, yaani mtoto wa jicho, nyonga na tezi dume, mambo ambayo mwanamume wa miaka 60 anapaswa kuyafikiria kabla ya kufikiria mandhari. Kwa mwenye shinikizo la damu nitaongeza kiharusi, ambacho matibabu yake hutegemea saa chache za mwanzo. Tumewapokea wazee walioteremshwa usiku wa masika kwa pikipiki, wakiwa katikati ya watu wawili, kwa sababu gari halikuweza kupanda hadi nyumbani kwao. Nyumba zao zilikuwa nzuri sana.

Maji ya bomba mjini hapa kwa sehemu kubwa ni ya chemchemi na tunayasifu bila aibu.

Mzaliwa wa Marangu

Ndugu yangu, nitakueleza kuhusu hicho kiwanja, kwa kuwa kiwanja chenye mto kwa chini na Kibo mbele ndicho kila mgeni huonyeshwa kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo chukua kamba upime. Huenda ukakuta kwamba sehemu unayoilipia kwa ajili ya mandhari ndiyo usiyoruhusiwa kujenga.

Pili, uliza kama ni kihamba. Kwa Wachagga kihamba ni mahali babu alipozikwa na mjukuu anapotarajia kuzikwa, na mtu mmoja hata akisaini, ukoo unaweza kusema haukushirikishwa. Usitoe fedha mpaka umeketi na wazee wa ukoo, mke wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, Halmashauri ya Kijiji imehusishwa, na majirani wa pande zote wamesimama nawe kwenye mpaka wakakuonyesha masale yao, ile mimea tunayoipanda kuonyesha mpaka. Dalali akikwambia hayo yote ni ya kizamani, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Hata ukivuka hapo, magoti ya shemeji bado yapo. Kwetu hakuna tambarare. Kwenda dukani ni kushuka na kurudi ni kupanda, na masika utelezi hautofautishi kijana na mzee. Mimi mwenyewe nawapenda wageni na mbege, pombe yetu ya ndizi, haijawahi kupungua, ila ningekushauri uje kunywa ukitokea mjini. Na ukija mwezi wa Desemba kuangalia viwanja, ujue kuwa umekuja wakati Wachagga wote wako nyumbani, kila nyumba ina taa na kila bei imepanda.

Mstaafu Mtarajiwa (Dar es Salaam)

Nimewasoma wote, na mke wangu amesoma mara mbili sehemu ya utelezi. Marangu tumeiondoa. Tutapanga nyumba upande wa Longuo kuanzia Aprili hadi Agosti, ili tuone matope na baridi kabla ya kununua chochote. Dada muuguzi, je, kodi hulipwaje huko, na tuangalie nini katika nyumba?

Mkazi wa Longuo

Wenye nyumba wengi hudai miezi sita kwa mkupuo, na dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Wa miezi mitatu wapo, ila utawapata ukifika mwenyewe na si kwa simu. Chagua nyumba isiyo na ngazi na yenye choo cha kukaa ndani. Hakikisha kwamba mita ya umeme (LUKU) na ya maji ni zako peke yako, na iandikwe hivyo kwenye mkataba. Halafu mje muitazame mvua ikiwa inanyesha, mkiwa ndani ya gari la kawaida.