"Tumepokea malipo yako jana" kwa Kiingereza mbona naambiwa nimekosea? Msaada wa tensi na ile s

Chalii wa Himo

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hasa walimu na nyie ambao kitabu kilipanda. Nafanya kazi ofisi moja ya utalii hapa Moshi, kazi yangu ni kujibu imeili za wageni wanaotaka kupanda mlima, sasa bosi ana tabia ya kuprinti imeili zangu na kuzichora kalamu nyekundu kama vile niko darasa la saba. Wiki hii kachora tatu. Moja niliandika "We have received your payment yesterday". Nyingine "The driver did not told us". Ya tatu "The list of climbers are attached". Namuuliza kosa liko wapi ananiambia "soma grama", basi, anaondoka zake.

Hiyo ya kwanza ndo imenichanganya kabisa. Tumepokea malipo yako jana. Tume si ndo "we have" jamani? Msingi nimesoma Kiswahili tupu, kuingia kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza, ticha akatubandikia jedwali la tensi 12 ukutani tukakariri kama dua, mtihani nikapita, ila nikikaa mbele ya kompyuta lile jedwali halinisaidii chochote. Na kila nikiuliza naambiwa acha kufikiri kwa Kiswahili. Ntaachaje sasa, nifikiri kwa Kijerumani?

Mwenye njia inayoeleweka anipe, ila msinitumie video ya saa mbili tafadhali, bando halinitoshi.

Ticha Mstaafu

Wakubwa hujawaamkia ila marahaba 😄

Waliokwambia uache kufikiri kwa Kiswahili wamekupoteza. Nimesimama mbele ya ubao miaka mingi na nilichokiona ni kwamba mtoto hakosei kwa sababu anafikiri kwa Kiswahili, anakosea kwa sababu anafikiri kwa Kiswahili nusu halafu anaishia njiani.

Tuanze na jana yako. Mtaani tunasema nimemwona jana, nimefika juzi, na hakuna anayeshtuka. Mwingereza anashtuka. Ile "have" yake haikai chumba kimoja na jana, juzi, mwaka jana, saa mbili zilizopita wala "in 2019". Ukishataja ni lini, hiyo ni -li-, andika "We received your payment yesterday". Kama lini hujali, unachotaka mgeni ajue ni kwamba hela imeingia alale kwa amani, hapo sasa ndo "We have received your payment", nukta, jana iache nyumbani.

Ukiwa na shaka fanya hivi, ikatae sentensi. Tulipokea, hatukupokea. Tumepokea, hatujapokea. Ikikataa kwa -ku- ni "did not", ikikataa kwa -ja- ni "have not" au "has not". Mgeni hajafika, "has not arrived", bado gari linamsubiri pale uwanja wa ndege wa KIA. Mgeni hakufika, "did not arrive", habari imeisha, mmeshakula hasara. Hiyo tofauti umeijua kabla hujaota meno ya mbele, hukufundishwa na mtu.

Na "did not told" iangalie kwa jicho hilohilo. Alituambia. Haya kataa: hakutuambia. Ile -li- imeenda wapi? Imetoka, -ku- imekalia kiti chake. Ulishawahi kusikia mtu anasema "hakulituambia"? Basi "did" ndo -ku- yao, wakati uliopita ameshaubeba yeye, kitenzi kinatembea mikono mitupu: "did not tell". Kwenye swali hivohivo, "Did he tell you". Na "does" ameshaichukua ile s kwa hiyo ukiandika "does he knows" umemlipisha mgeni mara mbili.

Hiyo ya tatu waachie wengine, macho yangu na simu hatuelewani usiku.

BinMrisho

Ticha shikamoo. Nakubaliana nawe ila hicho kipimo chako cha -ja- huku Dar mbona kimeshapasuka, wadogo zangu kutwa wanasema "jana sijaenda kazini", "juzi sijala". Sasa mtu kama huyo akifata kanuni yako ataandika "I have not gone to work yesterday" halafu aje akulaumu.

Ticha Mstaafu

Marahaba. Hapo umenishika kweli, nimewasikia hata wajukuu zangu. Wa hivyo asipime kwa mdomo wake, apime kwa mdomo wa bibi. Mtu mzima wa Tanga au Unguja ukimwambia "jana sijaenda" atakuuliza, kwa hiyo leo bado unaenda ya jana?

Mama Pacha

Chalii mdogo wangu, mie natafsiri nyaraka kwa hiyo hayo ya "list" ndo ugali wangu wa kila siku.

Nikuulize, utasema kikapu cha maembe kimejaa au kikapu cha maembe yamejaa? Kimejaa, huna hata haja ya kufikiri, unajua kitenzi kinamsikiliza kikapu, maembe yamo tu ndani. Ngeli zimekulea kuanzia ki-vi mpaka u-zi, mtu anayemudu kile kimevunjika na ule umevunjika na lile limevunjika hawezi kushindwa na ki-"s" kimoja cha Mwingereza. Orodha ya wapandaji imeambatanishwa, i- inamfata orodha, yuko mmoja, basi "The list of climbers is attached". Tatizo ni kwamba ukiandika Kiingereza jicho linanasa kwenye neno lililo karibu na kitenzi, "climbers", unaona s unaweka "are". Mmoja wa madereva wetu anaongea Kifaransa, ANAongea, "One of our drivers speaks French". Kila mgeni analipa, "Each guest pays". Watu mia wamefika ila kila mtu amefika, "Everyone has arrived". Mpaka hapo Kiswahili kinakushika mkono.

Sasa kuna pahali kinakuacha gizani na hapa ndo watu wazima wanaanguka, mie mwenyewe nilianguka sana. Kuna vitu kwetu ni vingi kwao ni kimoja. Maji yamemwagika, "The water has spilled". Maziwa yameharibika, "The milk has gone bad". Nywele zake ndefu, "Her hair is long". Kwa kazi yako wewe hii iandike kwenye kiganja: mizigo yenu imefika, "Your luggage has arrived", usithubutu "luggages have". Vifaa viko tayari, "The equipment is ready". Taarifa zitatumwa, "information" haina s milele, na "advice" vilevile. Habari, "news", ina s lakini ni moja, "The news is good", hiyo wametuonea tu.

Halafu wanageuza. Vitu ambavyo kwetu ni kimoja kwao vinaenda viwili viwili. Suruali imechanika, "The trousers are torn". Mkasi uko wapi, "Where are the scissors". Miwani ya jua ya mgeni imepotea, "The sunglasses are missing". Wanahesabu miguu ya suruali hao 😂 Na polisi akija hata mmoja wanasema "a police officer", ila polisi kama polisi ni wengi, "The police are coming", hapo tuko sawa nao, polisi wanakuja.

Kwa hiyo usikariri jedwali, tengeneza kaorodha kako ka maneno ya kazini tu, mizigo, vifaa, suruali, miwani, hayazidi ishirini.

Chalii wa Himo

Dah Mama Pacha na Ticha Mungu awabariki, na Ticha shikamoo ya kuchelewa. Kikapu cha maembe hicho sisahau mpaka nazikwa.

Ila nimekumbuka kitu, kuna siku mgeni aliandika usiku anamtafuta muongozaji wake, jamaa alikuwa ameshalala zamani, nikajibu "He has slept". Mgeni akarudisha "Good, then please give him the phone". Nikabaki nakodoa macho. Amelala, hajalala, kipimo kinasema "has", nimekosea nini hapo?

Ticha Mstaafu

Hahaha marahaba. Hapo mgeni kaelewa kwamba jamaa kausingizi kake kameisha, kapumzika, yuko fiti.

Hii -me- yetu ina sura mbili na mimi nilisahau kusema. Sura ya kwanza kitu kimefanyika, amelipa, amefika, hapo "has". Sura ya pili ni mtu yuko katika hali, hata kama unamtazama sasa hivi. Amelala, "He is asleep". Amevaa koti, "He is wearing a jacket". Amesimama pale, "He is standing there". Nimechoka, "I am tired". Ameoa, "He is married". Jiulize, ukimwangalia sasa hivi bado yuko hivyo? Kama ndio, tafuta "is" kwanza kabla hujakimbilia "has".

Na -na- nayo ina mtego wake maana inabeba mawili. Anapika, sasa hivi au kila siku? Mwingereza anataka ujue. Kama unaweza kuibadili ikawa hu- na maana ikabaki, yeye hupika, basi "He cooks". Kama ni sasa hivi, "He is cooking". Najua, nataka, napenda hazitaki "ing" hata iwe sasa hivi, "I know", "I want", zile "I am knowing" na "I am having a question" ndo bosi anazitafuta kwa tochi.

Mswahili wa Norwich

Wadau mie niko huku Norwich mwaka wa sita, nawachekesha kidogo. Wazee wa huku Norfolk, wazawa kabisa, utawasikia wanasema "she go", "he say", bila s. Lahaja yao ndo ilivyo na wanaisimu wameiandika miaka na miaka. Nilivofika nikajua nimefika nyumbani 😂 ila barua ya kazi ukiandika hivyo hata huku unakataliwa.

Na hiyo s usiione ndogo, ndo mabaki. Zamani Kiingereza kilikuwa na viambishi karibu kila nafsi, "thou goest", "he goeth". Waliozoea Biblia ya King James ya 1611 watakumbuka Zaburi ya 23, "He maketh me to lie down in green pastures". Ile -eth ndo ilikuwa kazi ya s ya leo, ikasukumwa na -s iliyotokea upande wa kaskazini, na za nafsi nyingine zikafa. Imebaki moja tu na "to be" mkorofi wa familia, "am", "is", "are", "was", "were". Ukilinganisha na ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- zetu bado ni afadhali.

Chalii wa Himo

Aisee. Basi nimeandika upya imeili ya kesho asubuhi, nikagueni kabla bosi hajaamka:

"We have received your payment, thank you. The list of climbers is attached. All the equipment is ready. When you will arrive at the airport, our driver will be waiting for you."

BinMrisho

Mizigo yote imepanda gari ila kuna kitu kwenye "will" ya kwanza, sikioni vizuri ila kinaniwasha.

Mama Pacha

Kinakuwasha sawasawa. Chalii umeifikiri kwa "utakapofika", ina -ta- ndani ndo maana ukaweka "will". Ifikiri kwa "ukifika". Ukifika, dereva atakuwa anakusubiri. -ki- haina -ta-, na Mwingereza hivohivo, "When you arrive". Futa hiyo "will" moja, ile ya dereva iache, halafu tuma ulale.

Chalii wa Himo

Imetumwa. Kesho ntawapa majibu kama kalamu nyekundu imepumzika.