Najenga soko la mtandaoni la kadi za michezo zenye gredi, nipo Dodoma. Hela ya mnunuzi ikae wapi?

KadiZaMakole:

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Makole hapa Dodoma. Kazi inayonilisha ni kutengeneza mifumo ya maduka, ile ya kutoa risiti na kuhesabu stoo. Jioni ni kadi. Nasemea kadi za wachezaji wa kikapu na mpira wa miguu zilizopelekwa Marekani, zikakaguliwa, zikapewa gredi kuanzia 1 hadi 10, kisha zikafungwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya cheti. Kwa wasiojua, mkubwa wa kazi hiyo ni PSA, walioanza 1991, halafu wapo Beckett, SGC na CGC. Kadi ileile ikiwa PSA 10 na ikiwa PSA 8 ni bei mbili zisizosalimiana.

Tuna kundi letu la WhatsApp: Dodoma, Dar, Arusha, wawili watatu wa Mwanza na Wakenya kadhaa. Biashara yote inafanyika humo. Mtu anatupia picha, mwingine anasema "hiyo yangu", wanahamia inboksi. Shida ni kwamba picha inazama chini ya vijembe vya Simba na Yanga ndani ya dakika tano. Kadi iliyokwisha uzwa bado inaulizwa bei. Na juzi kati wawili walikubaliana kubadilishana, mmoja akatuma ya kwake, mwenzake akapiga kimya. Mpaka leo yupo kundini anatuma "habari za asubuhi wapendwa".

Basi nimeanza kujenga tovuti. Ninachojivunia mpaka sasa: kila ukurasa ni wa namba moja ya cheti. Kwenye duka la kawaida unaandika "zipo kumi stoo", ila huku kila kasha ni lenyewe peke yake duniani. Mtu akishaiweka namba sokoni, mwingine hawezi kuiweka mpaka ya kwanza itolewe, na historia ya bei inaifuata namba hata ikibadilisha wenyewe mara sita.

Nilipokwama ni hapa. Mnunuzi atume hela kwenye lipa namba yangu, niishikilie mpaka mzigo ufike, ndiyo nimlipe muuzaji? Na wanaobadilishana kadi kwa kadi na mmoja anaongeza hela, inakuwaje? Bei nataka ziwe kwa dola, maana kila mtu anatazamia eBay, lile soko la mtandaoni la Marekani. Kamisheni nafikiria asilimia 5.

Nawasilisha.

Mzee_wa_Kibaigwa:

Mkuu, hivi kweli kuna Mtanzania anatoa laki tatu kununua picha ya mtu? Nipo pale nimekaa.

KadiZaMakole:

Yupo aliyetoa laki tisa, na kodi ya nyumba anadaiwa. Sogeza kiti mzee wangu.

Mgogo_Columbus:

Mdogo wangu, mimi nipo Ohio huku, hizi kadi nimezinunua na kuziuza kwa muda. Wazo la namba moja ukurasa mmoja ni zuri, ila linakulinda nusu tu.

Tapeli anachukua namba halisi kutoka kwenye picha ya mtu mwingine mtandaoni, anachapa lebo inayofanana, anafunga ndani kadi ya kughushi. Wewe ukiingiza namba kwenye tovuti ya PSA inakuja safi kabisa: jina, mwaka, gredi, vyote sawa. Cheti ni cha kweli, kasha ndilo la uongo. Kwa hiyo usiridhike na namba. Vyeti vingi vya miaka ya karibuni vina picha ya kadi yenyewe kwenye tovuti ya PSA. Linganisha pambizo: upande wa kushoto picha imekaa karibu na ukingo kiasi gani, kulia kiasi gani. Kama kadi imechapwa namba ya toleo, tuseme 25/99, yaani ya 25 kati ya 99 zilizochapwa, basi iwe 25 ileile. Angalia kingo za kasha. Lililofunguliwa na kugundishwa upya mara nyingi huacha weupe au nyufa ndogo ndogo kwenye maungio. Picha ya kutulia usiikubali. Dai video, kasha likigeuzwa chini ya taa, pembeni karatasi yenye jina la muuzaji na tarehe ya siku hiyo.

Halafu usije ukaandika popote kwamba unaidhamini gredi. Gredi ni maoni ya mkaguzi. Kadi maarufu kuliko zote, T206 ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani, yenye PSA 8, mwaka 2013 dalali wa minada Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alizikata kingo zake ili ionekane nzuri. Hiyo ilipita mikononi mwa wataalamu. Wewe dhamini kitu kimoja: kilichopo kwenye ukurasa ndicho kitakachomfikia mnunuzi.

Sasa kubadilishana. Msiruhusu mtu atume moja kwa moja kwa mwenzake, maana atakayetuma wa kwanza ndiye atakayelia. Zote mbili zije kwako. Unafungua mbele ya kamera, unalinganisha na video zao, zikiwa sawa unazivusha. Mmoja akipitiliza siku mlizokubaliana, ya mwenzake inarudi kwa nauli ya aliyechelewa, na hiyo nauli awe ameiweka mapema. Hata eBay tangu 2022 wanapitisha kadi za bei kubwa kwa mkaguzi kwanza kabla hazijamfikia mnunuzi. Ni utaratibu wa mnada wa Msalato tu, hakuna anayelipa ng'ombe ambaye bado yupo njiani.

Ukishazoea hapo, ndipo soko lenyewe linapoanza. Huku kuna COMC, unawatumia kadi zako, wanazipiga picha na kuziweka ghalani kwao. Mtu ananunua leo, kesho anamuuzia mwingine, na kadi haijatoka ghalani. Inabadilika jina la mwenyewe tu, hadi siku mtu atakaposema nitumieni. Kwa nchi ambayo kusafirisha kifurushi ni mtihani, nakushauri uanze na kabati kabla ya tovuti. Kabati la chuma, lenye kufuli mbili, mbali na jua na lile vumbi lenu la Septemba, na kila kasha livalishwe mfuko wake laini. Kasha lenye michubuko linashusha bei hata kama kadi ndani ni mpya.

Hesabu_AreaD:

Mwanangu wa Makole, nimefanya uhasibu miaka mingi, kadi sizijui ila hela za watu nazijua.

Hilo la lipa namba yako liache. Ukianza kupokea na kutunza hela za watu kwa ajili ya watu wengine, umeingia kwenye eneo la Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na mwenye kutoa leseni ni Benki Kuu. Nenda kwa kampuni ya malipo yenye leseni tayari, Selcom kwa mfano, uwaulize kama wanaweza kuzuia malipo hadi pande zote mbili zithibitishe. Kila kampuni ina masharti yake, soma mkataba wote. Wewe upokee kamisheni yako peke yake, hiyo ndiyo utakayoitolea hesabu TRA. Nimeona vijana wanachanganya mauzo ya wateja na mapato yao kwenye akaunti moja, halafu siku ya mahesabu kila shilingi iliyopita inahesabiwa kuwa yao.

Bei kwa dola pia hapana. Kanuni za mwaka 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha ya kigeni. Andika shilingi. Na kwa kuwa utakusanya majina, simu na mahali watu wanapokaa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jisajili kwenye tume yake mapema. Orodha ya watu wenye vitu vya mamilioni ndani ya nyumba zao, pamoja na mtaa, si kitu cha kuacha wazi kwenye kompyuta.

Sakina_Slabu:

Nipo Arusha. Kuhusu mabasi, wakuu, mimi kasha langu lilifika Dodoma limepasuka kona, kampuni siitaji. Mzigo ulikuwa chini ya ndoo ya rangi. Fungeni hivi: mfuko laini, vipande viwili vya boksi gumu huku na huku, gundi ya karatasi inayotoka bila kuacha alama, halafu ndani ya boksi lenye nafasi ya kujaza magazeti. Likitikiswa lisilie. Nje msiandike "kadi" wala thamani yake, andikeni "vitabu". Wakala akupe risiti yenye namba ya simu ya mpokeaji, umpigie siku hiyohiyo.

Nauliza swali la kizembe: asilimia 5 ya kadi ya elfu arobaini ni elfu mbili. Hiyo inalipa nini?

KadiZaMakole:

Asanteni sana. Mama wa Area D, shikamoo, dola nimeshazifuta jana usiku.

Sakina, umenishika pabaya. Elfu mbili haitoshi hata gundi. Naona bora kadi za chini ya laki moja nitoze bei moja ya ukaguzi, tuseme elfu tano, alipe anayetaka ipite kwangu. Asiyetaka auze kwa hiari yake, tovuti imwonyeshe mnunuzi kwamba haijakaguliwa. Asilimia ibaki kwa za juu.

Kaka wa Columbus, kabati lipo ofisini, la chuma, tulikuwa tunawekea risiti. Swali langu ni nani atajaza soko. Watu wa kundi letu wanatazama mabingwa wa Marekani, na zile tukinunua huku tunazinunua kwa bei ya eBay pamoja na usafiri na forodha. Atakayenunua kwangu atafaidika nini?

Mgogo_Columbus:

Hapo ndipo nilikuwa nataka ufike. Achana na kushindana na Wamarekani kwa vitu vya Wamarekani. Kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliyochapwa na kampuni ya Topps 1952, iliuzwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022, hiyo haitakuja Makole.

Chukua Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu aliyecheza kikapu NBA. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa NBA. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Katika seti ya Topps ya 2009-10 kadi ya Curry ni namba 321, ikiwa PSA 10 ni hela ya kiwanja. Thabeet wa msimu uleule huku anauzwa kwa hela ya soda. Mmarekani hana sababu ya kuipeleka kwa wakaguzi maana ada ya gredi inaizidi kadi yenyewe, ndiyo maana zenye gredi si nyingi. Lakini mtoto wa Dodoma anayecheza kikapu UDOM ataitaka ukutani, na huko hamna anayemuuzia. Bei ya eBay na bei ya Dodoma si lazima ziwe moja, na tofauti hiyo ndiyo biashara yako. Kusanya hizo, tuma kwa wakaguzi kwa mkupuo ili nauli igawanyike, na tunza karatasi za kutoka nchini, zikirudi forodha usikwame kueleza kwamba ni zako.

Mzee_wa_Kibaigwa:

Sasa huyo Thabeet mimi nilimwona kwa macho. Ana kadi?! Inakuwa shilingi ngapi?

Sakina_Slabu:

Mzee, ninayo moja ya Beckett, gredi 9. Siuzi, ila nabadilishana na kadi yoyote yenye gredi ya Giannis, yule nyota wa NBA, nikiongezewa. KadiZaMakole akikubali, ya kwangu naipandisha basi Jumatatu, ije kwenye kabati lake iwe ya kwanza. Video naituma leo jioni.

KadiZaMakole:

Nakubali. Giannis ninaye mwenyewe, wa seti ya Prizm, PSA 8. Ila mimi ndiye mwenye kabati, siwezi kujikagua. Mama wa Area D, una nafasi Jumatano utushuhudie tukifungua?

Hesabu_AreaD:

Baada ya saa kumi. Na uje na daftari.