Chatu jike kugeuka mweusi akiwa na mayai: ni ugonjwa?

Kichuguu: Wakuu, naomba kueleweshwa kuhusu chatu wa kusini mwa Afrika (Python natalensis). Jike akishataga shimoni, mabaka yake ya kahawia hufifia hadi anakaribia kuwa mweusi. Hali kitu, na jua likitoka yuko mdomoni mwa shimo. Anaumwa? Na mnyama asiye na joto lake mwenyewe anaatamiaje?

Shimo la Muhanga: Haumwi. Weusi ule unamsaidia kunyonya joto la jua upesi. Huota jua mpaka mwili ufike karibu nyuzi 40 za Selisiasi, kisha huingia kuyazungushia mayai mwili ule wa moto. Mwili ukipoa, anatoka tena.

Usimchanganye na chatu wa Burma. Yule hukaza na kulegeza misuli mfululizo palepale alipojikunja, kama mtu mwenye homa, na joto linatoka ndani yake. Huyu wetu anategemea jua. Mtafiti wa nyoka Graham Alexander aliwafuatilia chatu hawa katika hifadhi ya Dinokeng, Afrika Kusini, akachapisha matokeo mwaka 2018.

Kutokula nako ni kawaida: miezi kama 6 kwa uzazi mzima, na uzito hupungua kwa takriban asilimia 40. Ndiyo maana hazai kila mwaka.

Gamba Kavu: Niongezee hapo. Kosa kubwa ni watu kuchokoa shimo "kuhesabu mayai". Mama akikimbia, mayai yanapoa na unyevu unapotea. Ganda la yai ni laini kama ngozi, si gumu, kwa hiyo hewa ikiwa kavu linabonyea na kuingia ndani. Tena yanagandana, ukiyabandua unachana ganda. Na si ya kuku haya, hayageuzwi! Kiinitete (mtoto anayekua ndani ya yai) kimeshajishikiza upande mmoja, ukiligeuza yai unaweza kukiua.

Kichuguu: Nimewapata. Yakianguliwa mama anaondoka hapohapo?

Shimo la Muhanga: Hapana, na hili ndilo linaloshangaza wengi. Hubaki nao kama wiki 2. Mchana watoto wanaota jua mlangoni mwa shimo, usiku wanarudi kulala kwenye mikunjo ya mama. Mama hawalishi. Wanaishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, na hicho kinahitaji joto ili kitumike. Baada ya hapo kila mmoja anashika njia yake, na mama anaenda kutafuta windo.